Miaka Milioni Mbili kwa Dakika 80

Kila kiangazi wanatupitia. Magari marefu yenye tairi la akiba mgongoni yanatokea Karatu, yanakatiza Mbulu mjini bila hata kupunguza mwendo, yanashuka Yaeda Chini. Alfajiri wageni wameingia porini na Wahadzabe; saa nne wako kwa Wadatoga wakijaribisha bangili za shaba; saa saba wanafungua maboksi yao ya chakula chini ya mbuyu; saa nane vumbi linawarudisha walikotoka. Sisi wa kibarazani, na chai zetu, tunawahesabu wakienda, tunawahesabu wakirudi, tunacheka. Mimi ndiye niliyekuwa nacheka kuliko wote. "Nusu siku," nilikuwa nasema, "mtu ataona nini kwa nusu siku? Hata ndama wa jirani humzoei kwa nusu siku."

Mungu si Athumani. Mwaka huu na mimi nimekuwa mtalii, tena nusu siku yenyewe sikuipata.

Mpwa wangu alioa Dar es Salaam siku ya Jumamosi. Bibi yetu, Aama kama tunavyowaita bibi zetu sisi Wairaqw, hakusafiri kwa sababu magoti yake yalishastaafu zamani. Badala yake alituma mzigo: kiroba cha vitunguu saumu vya Bashay, na kibuyu cha maziwa ya mgando. Vyote nivikabidhi mkono kwa mkono kwa mama wa bibi harusi, ili ajue binti yake kaolewa kwa watu. Kibuyu chenyewe kina shingo ndefu na mkanda wa ngozi uliobakiwa na shanga kumi na moja, na tumboni kina ufa ulioshonwa kwa mshipa wa ng'ombe kabla mimi sijazaliwa. Aama alinisogeza karibu kama anataka kunipa baraka. Akasema, "Maziwa waachie. Kibuyu kirudi."

Nikaitikia. Nani angebisha?

Jumamosi kukabidhi hakukuwezekana. Mama wa bibi harusi alizungukwa na wapiga picha, wapambaji na wanakamati waliovaa sare, na kila nilipomkaribia na kiroba changu mtu wa itifaki alinielekeza jikoni. Tukakubaliana Jumapili saa kumi jioni, kwenye kuvunja kamati, nyumbani kwao Kigamboni. Basi langu la kurudi lilikuwa Jumatatu alfajiri. Ndiyo kusema Jumapili, baada ya misa ya kwanza, nilikuwa na saa kadhaa za kwangu mwenyewe, kitu ambacho mtu aliyetoka bara kwa ajili ya harusi hapewi hivi hivi.

Hapo ndipo shemeji alipoingiza ulimi. Huyu ni kaka wa mke wangu, Mdatoga wa Katesh, fundi wa gereji hapo Dar. "Shemeji," akasema, "kivuko cha Kigamboni na Makumbusho ya Taifa ni pua na mdomo. Msomi kama wewe utarudi Mbulu hujaliona fuvu?" Mtu akikuita msomi mbele ya wageni wa harusi huna tena njia ya kukataa.

Nilikuwa nimelala Mbezi. Nikasimama kituoni na viatu vyangu vipya vya harusi, ambavyo tangu jana yake vilikuwa vinanidai kitu ambacho sikumbuki kukikopa. Mara daladala ikaja, konda ananing'inia mlangoni: "Makumbusho! Makumbusho! Makumbusho!" Jamani, nikajua Mungu ananipenda. Jiji zima la watu hili, gari linakuja linataja mahali ninapokwenda mara tatu. Nikapanda nikiwa nimepakata kibuyu kama mtoto mchanga.

Mnaoishi Dar mnacheka tayari. Mimi sikujua kwamba Makumbusho ni stendi ya daladala huko Kijitonyama, na kwamba makumbusho yenyewe, yale ya fuvu, yako katikati ya jiji, Mtaa wa Shaaban Robert, karibu na bustani ya mimea. Stendi imepata jina kwa jirani yake, Kijiji cha Makumbusho, kilichojengwa miaka ya 1960 kando ya barabara ya Bagamoyo kuonesha nyumba za jadi za makabila mbalimbali. Nikashuka, nikamwendea kijana wa bodaboda nikiwa na kibuyu kifuani na kiroba begani, nikamuuliza kwa adabu: "Mwanangu, fuvu liko wapi?"

Akatazama kibuyu. Akatazama kiroba. Akarudi nyuma hatua mbili. "Fuvu la nani, mzee?"

Nikamwambia la mtu wa zamani sana. Akasema yeye ni Mkristo na hizo kazi hafanyi.

Ningeweza kuingia hapo hapo kijijini, nijifariji. Lakini kwetu wazee walichimba nyumba zao ubavuni mwa kilima, paa likalingana na ardhi, ili adui aliyekuja kutafuta ng'ombe apite bila kujua kuna familia inapika uji chini ya unyayo wake. Mtu aliyekulia kwenye nyumba za kutoonekana haoni haraka ya kulipa kiingilio ili aoneshwe nyumba. Nikapanda gari la Posta.

Saa saba na dakika 20 nilikuwa mlangoni. Ili niwahi pantoni na kuvunja kamati, ilinipasa niwe nimetoka saa nane na dakika 40. Piga hesabu: dakika 80. Na shemeji, aliyetoka Buguruni, alikuwa amefika kabla yangu na alishakula mishikaki.

Mapokezi kulikuwa na dada mmoja mpole sana. Alitazama mzigo wangu, macho yakatua kwenye kibuyu, yakang'aa. "Oh, mmekuja kukabidhi?" Nikasema ndiyo, nakwenda kukabidhi, ila si hapa, ni Kigamboni. Akaniuliza ni cha kabila gani na kina umri gani. Nikamwambia ni cha Wairaqw wa Mbulu, na umri wake tumuulize mwenyewe Aama. Akataka kujua kilitumikaje. Nikasema kinatumika sasa hivi, kina lita tatu za mgando. Wakati huo huo mzungu mmoja mwenye kofia pana alikuwa ameshanipiga picha mbili, moja ya kibuyu peke yake na moja ikiwa na mimi kama mfano wa ukubwa. Tukaviacha vyote viwili nyuma ya meza, kiroba yule dada akikishika kwa ncha za vidole, maana vitunguu saumu vya Bashay huwa havingoji kukatwa ndipo vinukie.

Kiingilio cha mwananchi ni kidogo, nisiseme uongo. Kilichonibana ni hesabu. Nimewahi kusoma kwamba jumba la makumbusho la Uingereza, lile la London, lina vitu kama milioni 8, na vinavyooneshwa kwa watu ni takriban 80,000. Ukikipa kila kimoja dakika moja, usile, usilale, usiende msalani, utatoka siku ya 56 ukiwa na ndevu. Louvre ya Paris inaonesha kama 35,000. Ya kwetu haijafika huko, lakini kwa mtu wa dakika 80 hiyo ni kama kuambiwa bwawa lina kina kifupi wakati wewe hujui kuogelea kabisa.

Mimi nilikuwa na mpango: fuvu kwanza, mengine baadaye. Shemeji naye alikuwa na mpango. "Tuanze na magari," akasema, "yako karibu." Ndivyo anavyoanza fundi gereji yeyote. Wameweka pale magari yaliyowabeba viongozi wa nchi, na miongoni mwake Rolls-Royce aliyoitumia Mwalimu Nyerere. Ni gari la heshima, refu, linakufanya usimame wima bila kuambiwa. Mimi nilisimama wima dakika tatu, nikaridhika. Shemeji alipiga magoti. Nikadhani anamwombea Baba wa Taifa, kumbe anachungulia chini kama linavuja oili. Akainuka akiwa na masikitiko. "Shemeji, hii ukinipa wiki mbili na spea, inafika Katesh." Akanieleza habari za gearbox, akanieleza tofauti ya injini hii na ile, akasimulia mteja wake mmoja wa Tabata ambaye hajalipa hadi leo. Nilipotazama saa, dakika 25 zilikuwa zimeteketea na tulikuwa hatujaona hata jino.

Nikamshika mkono kama mtoto wa chekechea, tukaenda kwa Zinjanthropus.

Sasa hapa niseme ukweli, nilisisimka. Fuvu pana, taya la kusagia, magego makubwa kama punje za mahindi ya mbegu. Ndiyo maana wazungu walimpachika jina la mvunja karanga. Miaka milioni 1.75. Alipatikana Olduvai tarehe 17 Julai 1959, na aliyemwona ni Mary Leakey. Mume wake, Louis, siku hiyo alikuwa amelala kambini na homa. Nilipompigia mke wangu simu usiku kumsimulia, alinirudisha hapo mara nne. "Mwanamume amelala, mwanamke ndiye kaokota?" Ndiyo, mama fulani. "Rudia." Hata jina lake la pili, boisei, lina somo lake: ametajwa Charles Boise, aliyetoa pesa za utafiti. Ni kama harusi zetu tu, mwenye mchango mnene ndiye anatajwa kwenye kipaza sauti.

Ila nilipokuwa nimesimama pale, wazo likaniuma kuliko viatu. Olduvai ni Ngorongoro. Ngorongoro ukitoka kwetu unapita Karatu tu, na Karatu hiyo zamani ilikuwa wilaya moja na Mbulu. Mimi nimekaa kwenye basi kutwa nzima, magoti yangu yakiwa kidevuni, nimepita Babati, Kondoa, Dodoma, Morogoro, mpaka baharini, kuja kumwangalia jirani. Tena huko kwake bondeni ana makumbusho yake, na sijawahi kwenda hata siku moja, kwa sababu ni karibu, nitakwenda tu.

Dakika 40 zimebaki. Pembeni kuna habari za nyayo za Laetoli: watu wa kale, kama watu unaweza kuwaita, waliotembea juu ya majivu ya volkano yaliyolowa miaka milioni 3.6 hivi iliyopita, alama zikabaki, akina Mary Leakey wakazifukua mwaka 1978. Nikazitazama zile nyayo. Kisigino kinaonekana, dole gumba limetulia mahali pake. Hao walikuwa pekupeku, hawakuwa na saa mkononi, na hakuna aliyekuwa anawangoja Kigamboni. Nikavua viatu. Shemeji akasema, "Shemeji, aibu." Nikamwambia aibu ni kuvaa namba 41 kwa sababu duka halikuwa na 42. Nikaendelea soksi tupu, na nawaambia ukweli, sakafu ile ya baridi ndiyo kitu bora nilichokutana nacho Dar es Salaam.

Kijana mmoja mdogo, miaka kama saba, alikuwa anamvuta baba yake suruali. "Baba, dinosaria liko wapi?" Baba akakohoa. "Dinosaria letu liko Ujerumani." Na ni kweli. Mifupa ilifukuliwa Tendaguru, Lindi, kuanzia 1909 hadi 1913. Wapagazi wakaibeba kichwani siku kadhaa hadi bandarini, ikapakiwa melini, na leo mmoja wa wanyama hao amesimamishwa Berlin, mita 13 na zaidi kwenda juu. Shemeji, ambaye hawezi kusikia kipimo cha kimo bila kuutetea mlima wake, akadakia: "Mita 13? Mbele ya Hanang yenye zaidi ya mita 3,400 huyo si mjusi tu?" Mtoto hakumjali. "Litarudi lini?" akauliza. Baba akamwahidi aiskrimu.

Nilitaka kumwambia yule mtoto kwamba si Lindi peke yake. Hata kwetu, pembeni mwa Ziwa Eyasi, Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen alichimba miaka ya 1930, na aliyoyapata yakaenda Ujerumani. Vitu vikishaingia makumbusho huwa havina tabia ya kurudi. Laiti ningejisikiliza.

Kwani baada ya hapo ndipo niliposhikwa. Tuliingia mahali penye vitu vya nyumbani vya makabila: vinu, vigoda, mitego, ngao, na kibuyu. Kibuyu cha maziwa, kwenye kioo. Familia ile ya aiskrimu ikawa imesimama mbele yake, mama anawaambia watoto, "Hiki walikuwa wanatilia maji zamani."

Walikuwa! Maji! Zamani! Maneno matatu, makosa matatu. Nikaomba radhi, nikaingilia. Nikawaeleza kwamba ni cha maziwa. Kwamba hakioshwi kwa sabuni hata siku moja. Kwamba unachoma kijiti mpaka kiwe kaa, unakiingiza ndani, unasugua kuta zake, unamwaga majivu, na moshi ule ndio unaoyasaidia maziwa yagande bila kuoza na kuyapa ladha ambayo ukiizoea utotoni mtindi wa dukani unakuwa kama maji ya chaki. Nikawaeleza namna ya kushona ufa. Nikawaeleza jinsi ya kukitikisa pajani kupata siagi, nikakaa chini kabisa, soksi tupu, nikatikisa hewa. Watu wakaongezeka. Yule mzungu wa kofia pana akarudi, sasa anarekodi. Mwanamke mmoja akaniuliza nimefanya kazi hapo miaka mingapi. Shemeji, badala ya kunionesha saa, akaanza kunisahihisha: eti kwa Wadatoga kijiti si hicho. Tukabishana. Wairaqw na Wadatoga wamebishania malisho na ng'ombe karne nzima, sasa tukapata cha kubishania kipya, mbele ya wageni, katikati ya jiji.

Nilipostuka ilikuwa saa nane na dakika 35.

Historia iliyobaki niliimaliza kwa mwendo wa mtu aliyeachwa na basi. Kilwa na vigae vyake vya China, sekunde thelathini. Wajerumani waliotutawala miaka 30 niliwapita kwa dakika moja, na Maji Maji ya 1905 hadi 1907 nikaiona kwa jicho la kushoto. Waingereza nao nikawapa sekunde ishirini. Jumba la kwanza hapo lilifunguliwa mwaka 1940 kwa kumkumbuka Mfalme George wa Tano, nami kwa mwendo ule sikubahatika kumkumbuka. Uhuru nilikutana nao ukutani nikiwa navaa kiatu cha kulia. Shemeji nyuma yangu anapiga picha bila kutazama. Baadaye tulizihesabu: 214, na kati ya hizo 170 ni za magari.

Tukakimbia. Tukafika kivukoni, pantoni inataka kuondoka, tukasukumana na watu, baiskeli na mikokoteni, tukaingia. Upepo wa bahari ukanipiga usoni. Nikajisikia mwepesi, mwepesi ajabu, mabega yamelegea, mikono inapepea. Nikamwambia shemeji, "Unajua, makumbusho yanampunguzia mtu mzigo." Akanitazama. Akatazama mikono yangu. Nami nikaitazama.

Katikati ya maji pantoni haigeuzi kwa ajili ya kibuyu.

Kwa mama wa bibi harusi nilifika mikono mitupu. Ni mwanamke mwenye malezi, alinikaribisha vizuri, ila aliponipa mkono alivuta pumzi, akasema, "Nasikia harufu nzuri ya vitunguu saumu." Nikamwambia ndiyo zawadi yenyewe. Harufu nilimkabidhi, vitunguu vilibaki nyuma ya meza ya yule dada, na nadhani hadi wanafunga jioni hakuna aliyehitaji kuuliza viko wapi.

Alfajiri nilipanda basi. Shemeji aliapa kwa mlima Hanang kwamba angevifuata. Na alikwenda kweli, Jumatano. Bahati mbaya alipitia kwanza kwenye magari, na alipokumbuka alichofuata wakawa wanafunga. Wiki iliyofuata akasema kesho. Juzi kasema kesho.

Aama alinisubiri siku tatu bila kuuliza kitu. Siku ya nne aliniita, akanipa kigoda, akasema nimsimulie safari. Nikaona nianzie mbali. Nikamsimulia fuvu: taya, magego, miaka milioni 1.75, yule mama wa kizungu na mume wake mwenye homa. Nikamsimulia nyayo. Nikamsimulia mnyama wa mita 13 aliyeko Berlin. Alisikiliza yote, macho yake yakiwa kwenye mikono yangu, mpaka maneno yakaniishia na ikabidi nimwambie.

Akanyamaza kidogo.

"Kwa hiyo wao wamekuonesha fuvu," akasema.

"Ndiyo, Aama."

"Na fuvu wamebaki nalo."

"Ndiyo."

"Wewe ukawaachia kibuyu, na maziwa ndani, na vitunguu."

"Ndiyo, Aama."

Akatikisa kichwa taratibu, akajifunga kanga yake vizuri. "Hao watu," akasema, "wanajua biashara."